Jeneza Lililopimwa kwa Simu

S.L.P. 618,
Kitengela.
9 Machi 2025.

Mpendwa shemeji Ishmael,

Pokea salamu zetu sote hapa nyumbani. Habari za Kanada? Baridi imekuachia kidogo, na ule mgongo uliokusumbua Desemba umepoa? Sisi tunaendelea. Mkono wa kulia wa ndugu yako Ngugi haujarudi tangu kiharusi, lakini anatembea mwenyewe hadi langoni na chakula anakula. Barua hii nimempa Makena, anayesafiri huko, akuletee, kwa sababu kwenye simu ningelia kabla sijafika katikati.

Uliniuliza mbona nimekodi kibanda tena, baada ya kazi yote uliyofanya kututengenezea ukurasa wa Facebook. Nitakueleza yote, na tafadhali usione kama nakulaumu.

Unakumbuka mwenye ploti alipoiuza ijengwe magorofa, tukapewa mwezi mmoja tuondoe karakana. Ukasema tusitafute nyingine, watu siku hizi wanatafuta kila kitu kwa simu, hata jeneza. Nilikubali upesi. Nilikuwa nauguza mtu nyumbani, na kukaa barabarani kutwa nzima kulikuwa kumenishinda. Musila, yule fundi aliyefunzwa na Ngugi, akawa anaunda nyuma ya nyumba yake, moja moja, kila oda ilipoingia.

Na oda ziliingia kweli. Namanga, Ngong, hata Magadi. Mtu anachagua picha, anatuma urefu wa marehemu, tunapeleka. Nilikuwa nakushukuru kila jioni.

Mwezi wa Januari kijana mmoja wa Kajiado alitutumia ujumbe. Baba yake amefariki, mazishi ni Ijumaa. Nikamuuliza urefu, akaandika futi tano na nusu. Sikuuliza tena. Siku yenyewe nilipanda pikapu pamoja na Musila, kwa kuwa nilikuwa na shughuli zangu huko Kajiado.

Pale mochari, jamaa walimbeba mzee wakamweka ndani. Miguu haikuingia. Wakamtoa, wakajaribu tena kwa upande. Yule kijana akasema alikisia tu, kwa vile baba alikuwa amelala kitandani miaka miwili na hakumbuki alivyokuwa akisimama. Mtu mmoja nyuma akasema wakunje magoti kidogo.

Mjane alisogea akasimama kati yao na jeneza.

"Mtamkunja mume wangu?" akauliza. Hakupaza sauti. Kisha akanigeukia mimi. "Mama, wewe ndiye mwenye kazi hii? Mbona hukuja kumwona?"

Shemeji, nilikosa pa kuweka uso. Zamani, karakanani, kulikuwa na majeneza matano au sita tayari, ningebadilisha saa hiyo hiyo. Sasa nilikuwa na lile moja tu. Nilimwambia, "Mama, nisamehe. Nipe hadi saa tisa." Nikampima mzee mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, tukarudi Kitengela mbio.

Kwa Musila hapakuwa na mbao zinazotosha. Tulikwenda kwa Kitonga, yule anayeunda vitanda karibu na soko. Alikuwa katikati ya kazi ya mteja. Nilipomweleza, aliweka msumeno chini akasema, "Chukueni hizi. Kitanda kitangoja." Wakafanya kazi watu wawili, mimi nikapiga msasa hadi vidole vikatoka damu. Vanishi ilikuwa bado inanata tulipofika Kajiado, saa tisa na nusu.

Walimzika jua likikaribia kuzama. Nilisimama nyuma ya watu wote. Baada ya udongo, mjane alinijia, akanishika mkono. "Sasa amelala vizuri," akasema.

Ndiyo maana nimekodi kibanda, mlango wa pili kutoka kwa Kitonga. Ukurasa wako sijaufunga. Walio mbali waendelee kuona picha, na wengi wanatupata kwa njia hiyo. Lakini sasa majeneza manne yako tayari wakati wote, na anayeagiza kwa simu lazima atume mtu wa kwao na uzi uliopimwa kwenye mwili wa marehemu. Wengine wanakasirika wanaenda kwingine. Wacha waende.

Habari hii nilimficha Ngugi wiki tatu. Nilipomwambia, alivua kofia akaiweka magotini. Unajua maneno yanamtoka kwa shida siku hizi. "Aliitwa nani?" akaniuliza. Nikamwambia, Lemein Kuntai. Akatikisa kichwa polepole.

Kisha akauliza, "Na wale wengine?"

Nilifungua simu nitafute. Futi sita, vanishi nyeusi, Ngong. Futi nne, nyeupe, Namanga. Nilishuka na kidole hadi mwisho wa orodha, yeye akiningoja, na jina la marehemu hata mmoja sikuwa nalo.

Muthoni mama yenu anakusalimu sana, na Musila pia. Tusalimie Cate na watoto. Mungu awafunike huko mliko, na siku ya kuonana tuwe sote tungali hai.

Ni mimi shemeji yako akupendaye daima,
Mugure