Chai Niliyoimwaga Asubuhi Ile

Kaka Yakobo,

Shikamoo. Najua hutaitikia, ila nisipokuamkia kwanza mkono wangu hautaandika.

Huku Gitting ukungu umetukalia siku tatu, hata mlima hatuuoni. Viazi vya shamba la juu tumevichimba kwenye matope. Mama alitibiwa macho hospitali ya Haydom na sasa anaona vizuri sana, anaona hadi vumbi chini ya kabati, na hatupumziki. Ungecheka.

Na una mtoto wa kike. Wifi Martha alikuwa na mimba changa ulipotutoka. Tumempa jina la Mama, Magdalena, na ana miaka miwili. Analala amekunja ngumi, kama wewe. Nikimtazama ninalazimika kutoka nje kidogo.

Ukungu huu unanirudisha njia ya shule. Sweta lilikuwa moja, unalikumbuka? Ulilivaa wewe kutoka nyumbani hadi kwenye daraja la mbao, kisha unanivisha mimi. "Haya Eliza, limeshapata moto." Na Lazaro wa Baba Mkubwa anatufuata nyuma na viazi vya kuchoma mifukoni, tunakula watatu, midomo myeusi kwa masizi, mwalimu anatucheka. Sisi kwa Lazaro hatukujua neno binamu. Alikuwa kaka, basi. Ndiyo maana iliuma vile.

Ile siku tunapura maharage uliniambia. Ulisimama, ukaegemea fimbo, ukasema wezi wa ng'ombe hawakuwa wanabahatisha mazizi ya jirani zetu. Lazaro ndiye aliyekuwa anawaonyesha. Ulimwona kwa macho yako. Nikakuuliza kwa nini huendi kwa mwenyekiti wa kijiji.

"Ni mtoto wa Baba Mkubwa," ukasema. "Nitamsema mwenyewe, ataacha. Na wewe usimwambie mtu. Niahidi."

Nikakuahidi.

Jumamosi ulikwenda mnadani, na jioni wakakukuta kwenye korongo, umekatwa panga. Sitaandika nilichokiona. Nitaandika tu kwamba nilikufuta matope usoni kwa khanga yangu, na khanga hiyo sijaivaa tena.

Lazaro alichimba kaburi lako, kaka. Alilia kuliko wote. Wazee wakamshika mabega, wakamwambia jikaze. Mimi nilikuwa nimekaa na kina mama, namtazama, na moyoni nilikuwa nimeshamhukumu. Sikuwaza polisi. Nilitaka afe, na afe kwa mkono wangu, ili siri yako ibaki kwetu na damu yako isipotee bure. Hapo niliona vyote viwili vinawezekana.

Siku ya nne baada ya mazishi, asubuhi, vijana wa ukoo wakajaa uani. Nilikuwa jikoni nachemsha chai. Kikombe kimoja nilikitia dawa ya wadudu wa mahindi, nikakiweka pembeni ya sinia, upande wangu. Nilikitia mimi mwenyewe. Ujue hilo. Mama hajui mpaka leo.

Nilipotoka na sinia nikamkuta Lazaro amesimama katikati yao, anazungumza. "Fimbo ya mtu wa boma la mzee Gidamanga imeokotwa korongoni," anasema. "Tunangoja nini? Damu ya ndugu yetu iko chini!" Wenye mikuki wakainua mikuki.

Mzee Gidamanga, kaka! Yule mfugaji wa bondeni aliyekuwekea maziwa kwenye kibuyu kila ukipita. Aliyekufundisha kumtambua ng'ombe mgonjwa kwa kumgusa masikio tu. Nikawaza wajukuu zake, wale wasichana waliopenda kukuvuta koti. Na Lazaro akanyoosha mkono kwenye sinia langu. "Mdogo wangu, nipe chai, koo limekauka."

Nikaona jambo nililokuwa sijaliwaza siku zote nne. Lazaro akinywa, akifa, ukweli unakwenda naye kaburini, na hawa vijana watashuka bondeni vilevile. Watachoma boma la watu wasio na kosa, kwa jina lako.

Nikaichukua ile chai nikaimwaga chini mbele yake. Vikombe vingine vikaanguka. Nikasema kwa sauti ambayo sikuijua, "Kaka Yakobo aliniambia. Anayewafungulia wezi mazizi ni Lazaro. Mwulizeni yeye."

Lazaro akacheka. "Msiba umemchanganya huyu."

Ndipo Baba Mkubwa akainuka kwenye kigoda chake. Unamjua, hapandishi sauti. "Lazaro. Koti ulilokwenda nalo mnadani liko wapi? Tangu Jumamosi nalitafuta." Lazaro akakaa chini kwenye udongo kama mtoto. "Nilimwomba aninyamazie, baba," akasema. "Akasema nisipoacha wizi atanitaja."

Vijana wote wakamgeukia. Na mimi, kaka, nilifurahi. Nilitaka kuona. Ni Mama aliyepita katikati yao, na macho yake yale yaliyokuwa hayaoni vizuri, anapapasa mabega ya watu hadi akamfikia Lazaro, akasimama mbele yake.

"Wiki hii nimezika mtoto," akasema. "Huyu naye nimembeba mgongoni. Msinipe mwingine wa kuzika."

Hakuna aliyesogea. Baba Mkubwa mwenyewe akapiga simu polisi Katesh, huku machozi yanamshuka kwenye ndevu.

Nilitoa ushahidi mahakamani. Lazaro amefungwa, na wenzake wawili wamekamatwa. Mama Mkubwa, mama yake Lazaro, haniitikii salamu. Kanisani akiniona anahama benchi. Wapo wanaosema nimeuza ukoo, kwamba mambo ya ndani ningemalizia ndani. Ulitaka kumaliza ndani wewe, kaka, na tazama ulipo. Nimekukasirikia sana kwa hilo. Nimelia, nimekukasirikia, nikalia tena. Sasa nimechoka kukasirika, nimebaki nakukumbuka tu, ukipiga mluzi ukikamua, ukimwita kila ng'ombe kwa jina, ukinidanganya kwamba maziwa ya alfajiri yanarefusha mtu.

Kila msimu Baba Mkubwa huleta maksai wake kulima shamba la Mama. Hakuna aliyemwomba. Hulima, hufungua nira, huondoka bila kugusa hata maji. Wiki iliyopita mvua ilimkamata akajibanza ukutani, na Magdalena akatoka na kusimama mbele yake. Bado hajui kutamka vizuri. "Kamoo, babu."

Mzee aliitikia, akaishikilia ile marahaba muda mrefu, kisha akaingia ndani, akakaa, akanywa uji.

Nakuaga, kaka, kuni zinazima na Mama ananiita. Ahadi ya kwanza nimeivunja na siombi radhi. Nakupa nyingine. Binti yako akikua nitamwambia ulivyokufa na jina la aliyekuua, lote, bila kuficha. Na siku hiyohiyo nitamshika mkono nimpeleke kwa Mama Mkubwa akamwamkie. Hata asipoitikia, tutarudi tena.

Mdogo wako,
Eliza