Siku Tata Aliponionyesha Mguu

Mpendwa Tata, baba wa mume wangu,

Leo nimepita pale shambani ulipoteleza ukavunjika nyonga, nikacheka peke yangu. Nilikumbuka ulivyobebwa hadi barabarani huku ukituamuru tusiache kikapu chako cha majani chai.

Upasuaji ulienda vizuri. Kilichotaka kukuua kilikuja baadaye, ukiwa umesharudi nyumbani Birongo. Daktari alikuwa ametuonya kwamba mguu ukivimba na kupata joto, huenda damu imeganda ndani ya mshipa, na bonge lake likifika mapafuni hatutakuwahi. Lakini nani angeutazama mguu wako? Mama mkwe alikuwa ametangulia mbele ya haki, mwanao yuko kazini Nairobi, na mimi ni mkwe tu. Kwa chinsoni, ile heshima yetu sisi Abagusii kati ya mkwe na baba mkwe, sikupaswa hata kukaribia kitanda chako. Uji niliuacha kwenye stuli mlangoni, nikakuuliza hali huku nimeangalia ukutani. Kila mara ulijibu uko sawa. Ulikuwa muongo, Tata.

Asubuhi moja ukaniita. Nikasimama mlangoni kama kawaida.

"Ingia, mwanangu," ukasema. "Angalia huu mguu."

Ulifunua blanketi mpaka pajani, ukageuzia uso dirishani. Mguu ulikuwa umevimba, ngozi inang'aa, na nilipougusa ulikuwa wa moto. Niliona jinsi aibu ilivyokuuma kuliko mguu wenyewe, lakini blanketi hukulirudisha mpaka nilipomaliza.

Tulikukimbiza hospitali mjini Kisii. Kweli damu ilikuwa imeganda, na ukaanza dawa siku hiyo hiyo. Ndugu zako walipokuja kukupa pole, mmoja alinung'unika kwamba nimevunja mwiko. Mimi nilikuwa jikoni, masikio yote kwenu.

"Ni mimi nilimwita," ukamjibu. "Mlitaka chinsoni inizike?"

Sijawahi kumwonea mtu fahari namna ile. Ukatembea tena kwa fimbo yako, ukaenda kanisani kila Sabato na kuchelewa kila Sabato, hadi uzee ulipokuchukua polepole, kitandani kwako.

Juzi nilimtembelea mzee jirani yetu, ambaye naye amepasuliwa nyonga. Nilimkuta amekaa uani, mguu wazi juu ya kiti, mke wa mwanawe ameinama anaukagua. Nikataka kugeuka niondoke. Akaniita.

"Usikimbie," akasema. "Kama baba mkwe wako alionyesha, mimi ni nani nifiche?"

Pumzika, Tata. Natembea na jina lako kichwa juu.

Mimi mkwe wako