Nani Alimpa Sumaili Ufunguo wa Kabini

Baba Asha,

Ulitutoka wiki ile mvua kubwa zilipoanza, asubuhi, kitandani mwako hapa Kasongo. Nilikuwa nimetoka kukupashia uji. Kwa muda huo mfupi nilipoteza viwili: wewe, na ufunguo wa kabini ya boti yetu. Ulikuwa shingoni mwako, kwenye kamba nyekundu. Niliporudi na bakuli, ndugu yako Sumaili alikuwa anakufumba macho, na shingo yako ilikuwa tupu.

Mlikuwa wawili tu mle chumbani. Mmoja anasema, "Kaka alinipa mwenyewe, mukono kwa mukono, maana yake boti iko yangu." Wa pili ni wewe. Ndiyo maana nakuandikia.

Niko edani. Dunia yangu sasa ni kitanda, ua na choo. Sumaili amemleta mke wake akae nami, ati nisiwe peke yangu. Ametandika mkeka mlangoni. Nikisimama tu: "Mama Asha, unaenda wapi tena?" Ninaenda wapi! Ninaenda kuchukua chumvi. Nguo nyeupe ninaivaa kwa ajili yako, na sitaki mtu aseme niliharakisha kuivua. Lakini boti iko Nyangwe, mwendo wa saa tatu kwa pikipiki, na inaoza huku nimeketi.

Habari naletewa na Feruzi, nahodha wako. Haruhusiwi kuingia, basi anasimama nje ya ua na kupiga kelele kama yuko bandarini. Juzi mtaa mzima ulisikia: "Mama! Mulevi anakojoa bidoni mbili ndogo za maji kwa siku!" Jirani aliacha kutwanga. Sijui sasa wanafikiri mlevi gani anaishi kwetu.

Unakumbuka nilipoileta ile mashini ya kukausha hewa kutoka Kindu? Vitenge vya wateja vilikuwa vinashuka Kibombo na madoa meusi, sabuni inatoa jasho, unga unashikana kama udongo. Wewe ulicheka mbele ya mabaharia wote: "Muke wangu amenunua kitu ya kukausha muto Lualaba!" Wao ndio waliipa jina la Mulevi, kwa sababu inakunywa siku nzima bila kula, halafu inajisaidia ndani ya ndoo. Sikukasirika. Nilianza kwa kuuza chumvi kwa kikombe sokoni, naijua hewa yenye maji kuliko fundi yeyote. Nikaweka sahani mbili za chumvi. Moja ndani ya kabini, mlango na madirisha vimefungwa, Mulevi anafanya kazi. Nyingine kwenye sitaha, chini ya paa. Kesho yake ulichovya kidole mwenyewe. Ya nje ilikuwa uji. Ya ndani ilitiririka kati ya vidole vyako, nawe ukasema polepole, "Basi tufunge." Toka siku ile ukauvaa ufunguo shingoni, na hata mimi niliyenunua mashini nilikuwa nakuomba.

Sumaili hajui hilo la kufunga. Anafungua madirisha yote. Anamwambia Feruzi, "Chumba ni kama mutu, lazima kiheme." Halafu anawasha Mulevi! Ndoo ikijaa anafurahi, anaita watu waone: "Angalieni vile inafanya kazi!" Baba Asha, wewe na mimi tulipofunga, siku ya kwanza tulimwaga lita tisa, siku ya pili nne, ya tatu moja na nusu, na saa yake ndogo ya kupima unyevu ikashuka kutoka themanini na nane hadi hamsini na tano. Ndoo ilipoanza kukosa maji ndipo tulipojua kabini imekauka. Yeye anamwaga lita nane kila siku na saa haitoki themanini na nne. Gurupe ya kutoa umeme inakula esansi, petroli inaisha bure, na mto unaingia kupitia madirisha. Ulinitania mimi, lakini ndugu yako ndiye anayeikausha Lualaba kweli.

Nilimtumia ujumbe kupitia mkewe: fungeni madirisha. Jibu lililorudi: "Mwambie mujane apumzike." Mjane. Nusu ya mbao za boti ile ni chumvi yangu.

Sasa ameyaona maji hayo mengi, amehukumu kwamba mbao zenyewe zimelowa hadi ndani, boti imekufa, iuzwe kabla haijazama. Mnunuzi anakuja Nyangwe Ijumaa, baada ya sala. Sumaili atamwonyesha ukungu wa ukutani na ufunguo wa kamba nyekundu, na atasema alipewa na marehemu. Nani atambishia?

Nilimwita shehe, nikamuuliza nikiwa nyuma ya pazia. Akasema kwa haja ya kweli mjane anaweza kutoka mchana na kurudi kulala nyumbani kwake. Kwa hiyo mlango si kufuli kama mke wa Sumaili anavyotaka niamini. Kinachonifunga ni wewe. Kama ulimpa ufunguo kwa mkono wako, ulikuwa na nia, na sitasimama mbele ya watu kupinga nia ya mume wangu kaburi lake likiwa bado bichi. Hiyo ni ahadi. Nitakaa, nitamaliza eda, nitarudi kwenye kikombe cha chumvi. Lakini itabidi niishi nikijua kwamba nilipokuwa napuliza moto wa uji wako, ulichagua.

Na kama hukumpa, Ijumaa asubuhi Feruzi atanikuta mlangoni na pikipiki. Nitafunga madirisha mbele ya mnunuzi na kumwambia asubiri siku tatu aone ndoo.

Lala salama, Baba Asha. Nakuombea kila sala, hata nikiwa na hasira nawe, na sasa ninayo. Ukija usingizini usije ukitabasamu tu kama wiki iliyopita. Nataka neno moja, kabla ya adhana ya alfajiri ya Ijumaa. Ukinyamaza, nitahesabu kuwa hukumpa.

Ulimpa, au alichukua?