Nyumba ya kijani

Jumanne, baada ya Isha

Eti nyumba yangu ni kavu. Kompyuta imesema.

Leo amerudi Aline, yule binti anayepima mafuriko ya mutaa wetu wa Kanyosha, kunionyesha ramani kwenye simu yake. Nyumba za jirani zote nyekundu, maji yanaingia. Yangu peke yake kijani kama majani ya mboga ya lengalenga. Kwa hiyo mufereji mupya wa kuondoa maji utaishia kwa jirani yangu Mama Salma, kwangu haufiki.

Nikamwambia mashine yake mujinga.

“Bibi, inajua kile uliniambia. Siku ile ya kwanza nilikuuliza kama maji yanaingia kwako, ukasema apana, hata tone.”

Kweli nilisema. Mutoto wa watu amekuja na viatu safi, Mama Salma amesimama pale anasikiliza, mi niseme kitanda changu kimepanda juu ya matofali?

Mama Salma naye, leo tena yuko kwenye ua: “Bibi, basi lile godoro unaanika kila mvua ikikatika, ni jasho?”

Huyu mwanamke.

Lakini mvua ya mwaka huu naiogopa, na magoti haya hayapandi tena matofali. Nikamushika Aline mukono, nikamuingiza chumbani, nikamuonyesha alama ya maji ukutani. Hata wanangu hawajaiona.

Akagusa simu, nyumba ikawa nyekundu. Amesema kesho anapeleka ramani kwa wakubwa, mufereji urefushwe.

Nikamuuliza kama yangu haiwezi kuwa nyekundu ya kufifia kidogo tu, isilingane na ya Mama Salma.

Eti apana. Nyekundu ni moja.