Folda ya Sauti

Jumatatu, 3 Machi

Kuanzia leo nitaandika kila kitu, hata yale ya aibu, hata siku ambazo hakuna kitu. Mwalimu wa lugha anasema anayejiandikia mwenyewe hana sababu ya kupamba. Basi sipambi.

Kompyuta yetu imeingiliwa na virusi.

Inakaa sebuleni chini ya dirisha, na ndiyo inayotulisha. Baba ni mchapaji. Watu wanamletea barua za kuomba kazi, ripoti, kadi za harusi, kila mtu na flashi yake mfukoni. Leo alikuja bwana harusi mtarajiwa na flashi iliyofungwa uzi. Baba akaichomeka, akabonyeza — kioo kikapepesa mara moja, kama mtu aliyeingiwa na vumbi jichoni. Basi. Niliporudi kutoka shule, folda zote zilikuwa tupu. Kazi za Baba, tupu. Masomo yangu, tupu. Folda ya Sauti, tupu.

Folda ya Sauti ni ya Mama. Mwaka jana, kabla ya kupasuliwa koo, alikaa pale siku nzima na maikrofoni ya kuazima, akajirekodi. Hadithi za mdogo wangu, Kipusa. Wimbo wa kuogea. Mimi akaniwekea moja ananigombeza: "We binti, mlango umefunga? Umefunga kweli, au umefunga kwa mdomo?" Nilikuwa naisikiliza kila nikirudi kutoka shule. Sasa Mama anaandika kwenye kibao cheupe, kwa kalamu inayofutika.

Nilidhani nitalia. Sikulia. Nilisimama tu, begi mgongoni.

Jambo moja. Ule mstari unaoonyesha diski imejaa kiasi gani bado ni mwekundu. Umejaa pomoni, kama jana. Nikamwambia Baba.

"Mwanangu, achana na mstari, tazama folda! Kuna kitu humo?"

Hakuna.

Jumanne, 4 Machi

Baba kaniambia bila kuulizwa. Ile kinga ya virusi iliyokuja na kompyuta, ya bure, aliizima mwenyewe. Zamani. "Kila siku inataka kujisasisha, inakunywa bando kama ngamia. Nikaiambia, mama, pumzika." Alicheka peke yake. Mama alikuwa anakunja nguo.

Wateja wamerudishwa mlangoni. Bwana harusi amekasirika. Yeye! Na flashi ni yake!

Kipusa aliomba hadithi ya kuku aliyekataa kuoga. Nikamsimulia mimi. Akanisikiliza mpaka katikati, akasema, "Siyo hivyo. Kuku wa Mama ana mafua." Nikabana pua nikaendelea. Akageukia ukutani.

Jumatano, 5 Machi

Fundi kaja. Mtaani wanamwita Bwana Futa, maana dawa yake ni moja. Baba husema ukimpelekea hata pasi ataifuta. Lakini si mtu mbaya. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, akampa Kipusa skrubu mbili achezee.

Akabonyeza hapa na pale. "Mzee, hii ni kufuta yote na kuanza upya. Kazi ndogo. Itarudi kama imetoka dukani."

"Na vilivyokuwemo?"

"Si umeona mwenyewe ni tupu? Kuvitafuta ni kazi nyingine, na bei yake nyingine. Tena siahidi."

Baba akauliza hiyo bei nyingine. Akatajiwa. Akasema "Aa," akatazama miguu yake.

Nikasema, "Samahani, fundi. Huu mstari mbona bado mwekundu?"

"Ndio virusi hao, binti. Waongo kupindukia."

Kisha Baba akamgeukia Mama. Sote tukamgeukia. Mama akaandika: IFUTWE. WATEJA WANANGOJA. Akakizungusha kibao ili kila mtu asome, kama mwalimu wa darasa la kwanza. Halafu akakifuta kwa kiganja, akaenda jikoni. Tukasikia bomba linafunguliwa.

Hakuna aliyelitaja neno sauti. Hata mimi. Nilijaribu kukumbuka anavyosema "kwa mdomo", ule mvuto wa mwisho. Nikaupata kidogo. Kisha nikawa nasikia sauti yangu mwenyewe.

Alhamisi, 6 Machi

Imechukuliwa. Mezani umebaki mraba usio na vumbi. Kipusa amemlaza mwanasesere wake hapo.

Fundi amesema zipo nyingine mbele yake, ataishika kesho.

Nimekula. Nimefanya hesabu. Nimelala mchana, kitu ambacho huwa sifanyi.

Ijumaa, 7 Machi

Naandika huku nimesimama.

Leo wakati wa mapumziko nilimfuata mwalimu wa kompyuta. Sikuwa na mpango. Nilitaka tu kujua kwa nini mstari unadanganya. Alikuwa anatafuna kalamu. Akaniuliza, "Folda tupu, lakini diski imejaa?" Nikasema ndiyo. Akaitoa kalamu mdomoni.

"Sikiliza. Mwizi akibeba mzigo, ghala linabaki wazi. Ghala lenu limejaa. Mzigo upo, umefunikwa shuka tu! Aina hii ya virusi huficha mafaili, hawali."

Akanionyesha kwenye mashine ya shule. Alificha mafaili ya folda moja — ikabaki tupu kabisa, mbele ya macho yangu. Mstari haukusogea hata nywele. Kisha akaandika amri moja fupi, mafaili yakarudi. Nilikaa kwenye kiti cha mtu mwingine.

Akasema virusi wasafishwe kwanza, mafaili yafunuliwe, Sauti inakiliwe kwenye flashi ya pembeni ambayo haitachomekwa kwa kazi nyingine yoyote. Na hatuhitaji kununua kinga. Ile ile ya bure iwashwe, niilete mashine shuleni Jumamosi ijisasishe kwa mtandao wao. Flashi ya mteja isifunguliwe kabla ya kukaguliwa, hata mteja awe na haraka ya harusi. Nimeyashika yote. Nikamwambia, "Lakini mwalimu, inafutwa leo." Akanitazama. "Sasa bado umekaa hapa unafanya nini?"

Akaniandikia ruhusa. Nilikimbia njia nzima.

Baba ameshatoka kwenda kuichukua, anadhani iko tayari. Simu yake imekufa chaji tangu asubuhi. Karakana iko upande wa pili wa mji. Nikamwambia Mama kila kitu, kwa fujo, mstari, ghala, shuka. Alisikiliza akiwa ameshika mwiko. Nikasema, "Nipe simu yako nimpigie fundi."

Akasita. Akanipa.

Jina la fundi lilikuwa juu kabisa. Mama alishampigia asubuhi, sisi tukiwa shuleni. Mara ya kwanza alipokea, sekunde chache tu. Mara zilizofuata, hapana.

"Mama, ulimpigia?"

Akachukua kibao. Akaandika: NILISAHAU.

Sikuelewa. Kisha nikaelewa. Fundi alisema haloo, haloo, nani wewe, na Mama akafungua mdomo.

Nikapiga mimi. Inaita, haipokelewi. Nikapiga tena. Haipokelewi. Atakuwa anadhani ni yule mtu wa kumchezea, anayepiga akanyamaza. Basi nikaandika meseji: Shikamoo fundi. Mimi ni binti wa mchapaji. Aliyekupigia asubuhi bila kusema ni mama yangu, hana sauti. Sauti yake imo kwenye ile mashine, imefichwa tu. Tafadhali usiifute.

Nilitaka kuituma, Mama akanishika mkono. Akaisoma yote, polepole. Nilidhani ataifuta. Akabonyeza mwenyewe.

Sasa amekaa karibu na ule mraba mezani. Amemsogeza mwanasesere pembeni. Kibao kiko mapajani, bado kimeandikwa NILISAHAU, hajakifuta.

Alama za bluu zimetokea. Amesoma. Akaanza kuandika. Akaacha. Mama anatazama simu mkononi mwangu, simtazami yeye. Nimetuma nyingine, fupi, asipate kisingizio cha kutojibu:

Fundi, umeshaanza?