Bridget wa Kwanza

Jumamosi, 17 Novemba 2012. Scarborough.

Mvua nyembamba tangu asubuhi, ile isiyoamua kama iwe mvua au iwe theluji. Ningependa kuandika kwamba na mimi nina huzuni, ingefaa kwa hali ya hewa kama hii. Lakini sina huzuni. Sina chochote.

Hati ya talaka ilikuja Alhamisi. Niliisoma nimesimama jikoni, nikaiweka juu ya friji, nikaendelea kukaanga mayai. Nilidhani kilio kitakuja baadaye, nikishakaa. Nikakaa, nikala. Jana nikaenda maabara kama kawaida, nikapima damu za watu mpaka jioni, na hakuna aliyegundua kitu. Hata mimi.

Miaka kumi na miwili ya ndoa, na mayai hayakunikaba.

Leo asubuhi simu ikalia. Mama Mkwe. Au niseme aliyekuwa mama mkwe, sijui sasa nimwiteje.

"Desi, umeshatoka? Mimi nimeshavaa viatu."

Jina langu ni Desderi, lakini kwake nimekuwa Desi tangu siku ya kwanza. Nikamwambia nakuja. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba tulipanga safari, au labda nilidhani imekufa pamoja na mengine yote.

Kwa wasiotujua: Mama Mkwe anaitwa Eileen. Ni mjane anayekaribia miaka themanini, anaishi peke yake mashariki ya jiji, na kwa miaka mingi amekuwa akitafuta watu wake waliotoka Ireland. Macho yake yameanza kuchoka, na mapadre wa zamani waliandika vitabu vyao kwa Kilatini. Mimi nilisoma seminari ndogo kule Bukoba kabla sijagundua kwamba upadre si wangu. Kilatini kilibaki. Aliposikia hivyo, mwaka ule wa harusi, alifurahi kuliko alivyofurahia harusi yenyewe.

Tangu hapo tumezunguka pamoja. Ofisi za parokia, makaburi, jengo la kumbukumbu za serikali ambako vizazi na vifo viko kwenye filamu na unaviangalia kwa mashine mpaka kichwa kiume. Bridget, binti yake, aliyekuwa mke wangu, hakuwahi kuja. "Ninyi na wafu wenu," alikuwa akisema, na zamani alikuwa akisema huku anacheka.

Tunayemtafuta ni Michael, babu wa baba yake Mama. Alikuja huku wakati viazi vilipooza kwao na watu wakafa kwa njaa. Tulishampata kwenye orodha ya waliofika: Michael, mkewe Bridget, na mtoto mchanga. Tulishampata pia Thomas, mwanawe aliyezaliwa hapa, ambaye ndiye babu yake Mama. Cheti cha serikali cha kifo cha Thomas kinamtaja baba, lakini nafasi ya mama iko wazi. Mama Mkwe aliijaza mwenyewe kichwani zamani sana. Bridget. Ndiyo maana binti yake wa pekee anaitwa hivyo.

Parokia yenyewe iko kwenye mashamba, mwendo wa zaidi ya saa moja kwa gari. Njiani Mama aliongea habari za goti lake na za jirani anayelisha kindi. Hakuitaja talaka. Nilimshukuru kimoyomoyo, kisha nikajiuliza kama kweli nashukuru au nimezoea tu kushukuru.

Katibu wa parokia alitupokea vizuri, akatutolea nakala za vitabu vya zamani na kutuwashia hita ya ofisini.

"Ninyi ni familia?" akauliza.

"Ndiyo," Mama akajibu kabla sijafungua mdomo.

Nikaangalia zulia.

Tulianza na ndoa, kwa sababu zilikuwa chache. Mwandiko wa padre ulikuwa kama nyayo za kuku. Nilikuwa nasoma kwa sauti, Mama ameinamisha sikio, na tukafika kwa Michael haraka kuliko tulivyotarajia. Ukoo ule ule, kijiji kile kile cha Ireland. Pembeni ya jina lake padre alikuwa ameandika neno moja, *viduus*.

Nikalisoma tena kimoyomoyo.

"Nini?" Mama akauliza.

"Hapa anaoa, Mama."

"Alishaoa. Alikuja na mke."

"Anaoa tena. Anamwoa Margaret. Padre anasema ni mgane, aliyefiwa na mke."

Nikachukua kitabu cha mazishi, nikarudi nyuma. Nilimwona mtoto kwanza. Mistari michache chini yake, Brigida, mke wa Michael. Mtoto na mama, juma moja. Padre aliandika homa, basi. Alikuwa na wengi wa kuandika siku zile, ukurasa mzima ni homa. Kisha nikatafuta ubatizo wa Thomas, na wenyewe upo: mwana wa Michael na Margaret.

Mama alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya skafu yake, akafuta tena.

"Kwa hiyo Bridget si wetu," akasema. "Nimemwombea miaka yote hii. Nimempa mwanangu jina la mtu ambaye si lolote kwetu."

"Alikuwa mkewe, Mama."

Sijui sauti ile ilitoka wapi. Ilikuwa kubwa, katibu akageuka.

"Alivuka naye bahari," nikasema. "Alimzalia mtoto. Huwezi kusema si lolote kwenu kwa sababu tu hakuendelea kuwepo."

Ndipo nikasikia nilichokisema. Nilikisikia kama unavyomsikia jirani wa ghorofa ya juu akigombana, maneno yanafika lakini hayakuhusu. Mikono yangu tu ndiyo ilikuwa ya baridi, na hita ilikuwa inawaka.

Mama si mtu wa kushika watu bega. Akavaa miwani, akamgeukia katibu.

"Naomba nakala ya ukurasa huu wa mazishi," akasema. "Na wa Margaret. Zote mbili."

Katibu alituonyesha kupitia dirisha mahali walipozikwa watu wa homa, upande wa uzio, ambako hakuna jiwe hata moja. Tulikwenda. Nilimshikia mwavuli. Mama akaanza Salamu Maria kwa Kiingereza, nami nikamjibu nusu ya pili kwa Kiswahili, kama tunavyofanya kwenye kila kaburi. Nyasi zilikuwa zimelala chini kwa maji. Nilingoja nione kama kitu kitanipanda kifuani. Hakikupanda.

Tukarudi na mvua mpaka karibu na kwake.

"Krismasi," akasema.

Nikapunguza mwendo.

"Wewe ndiye unayekata bata mzinga. Mimi mkono hauna nguvu tena."

"Mama, Bridget atakuwepo."

"Koku atakuwepo pia." Koku ni binti yetu, ana miaka kumi, wikiendi hii yuko kwa mama yake.

"Bridget anajua kwamba unanialika?"

"Bridget anajua nyumba ni ya nani."

Nikamwambia nitafikiria. Akasema hakuwa ameniuliza nafikiri nini. Akashuka na bahasha yake ya nakala chini ya koti isilowe, akaingia ndani bila kugeuka nyuma, kama afanyavyo siku zote.

Nilikaa kwenye gari muda mrefu, injini inanguruma. Mvua ilikuwa imeshaamua, sasa ni theluji.

Je, niende? Najiona nimesimama pale na kisu mkononi, Bridget upande ule wa meza, wote wawili na adabu zetu. Labda ndivyo watu wanavyofanya. Labda nitakata nyama vizuri kabisa na nisisikie kitu, na hilo ndilo linalonitisha, kuliko kusikia.

Novemba ni mwezi wa marehemu. Kesho kuna misa ya saa nne, na mlangoni kuna karatasi ya kuandika majina ya wa kuombewa. Nitamwandika Bridget wa kwanza, na mtoto wake.

Bridget wa pili yuko hai, ana afya njema, na sijui nimwombee nini.