Kilo Tisini na Sita

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi, na pole tena kwa mguu. Natumaini shangazi anakulisha vizuri na magongo umeshayazoea. Sisi huku hatujambo. Mpwa wako ameota meno mawili ya chini na anang'ata kila kitu, hata kidole cha mgeni.

Barua yako niliipata. Ulisema mwoka mikate angekuja Jumamosi kuichukua pikipiki, nimpe ufunguo, nisiulize maswali. Kaka, unanijua tangu nazaliwa. Lini niliacha kuuliza?

Kwanza nikupe habari za pikipiki yako. Uliniagiza niiwashe kila Jumapili dakika kumi, isilale moja kwa moja. Jumapili ya kwanza mtoto alikuwa analia tangu kulipopambazuka. Nikambeba mgongoni, nikapiga kiki. Akanyamaza papo hapo! Basi Jumapili ikawa kila siku. Baba yake akasema tumezaa fundi, si mtoto.

Kwa kukaa nayo hivyo nikaanza kuitazama. Zamani niliiona panzi tu: miguu mirefu, tumbo dogo, kiti chembamba kama ubao wa kupigia pasi. Nikakitoa kile kijitabu chake kwenye droo yako, nikakisoma kwa kidole, neno moja moja, unajua shule yangu iliishia wapi. Kumbe walioiunda hawakukaa mezani wakachora tu! Kinasema tangu enzi za babu zetu wafanyakazi wa kiwanda chao wanashindana nazo wenyewe, matopeni na kwenye mawe, na kila wakirudi wanaondoa chuma walichoona hakina kazi. Kuna picha ya mzee mmoja, tope mpaka kwenye kope, anaiinua yake katikati ya mto, na watu wamesimama kando wakimtazama. Nikawalaani watu wale kwa roho yao mbaya ya kutomsaidia. Jirani yetu Fundi Spana akacheka mpaka akakaa chini. Akanieleza kuwa ndiyo sheria ya mashindano yale: ukianguka unajiinulia mwenyewe. Ndiyo maana wakaifanya nyepesi, kilo tisini na sita, na injini ndogo isiyo na makuu. Nililishika lile tangi nikaona haya kwa kuiita panzi. Watu waliofikiria kuanguka kwetu kabla hatujaanguka, hao ni watu.

Ndipo nikakumbuka. Siku nilipokuomba unifundishe, uliilaza sakafuni mle bandani, ukasema nikiweza kuiinua peke yangu utanifundisha. Nilivuta mpaka machozi yakanitoka, nawe ukanitania nikaanze na sufuria.

Sasa nakuungamia, na usipandishe presha. Nimeiendesha. Nyuma ya tanuri la matofali, gia ya kwanza na ya pili tu, mtoto nimemwacha kwa baba yake. Nimeanguka mara nne. Ule mkwaruzo utakaouona kwenye madigadi ya mbele ni wangu. Na mara zote nne, kaka, nimeiinua mwenyewe. Mikono haitoshi. Unaipa mgongo, unachuchumaa, kisha unaiachia miguu kazi, kama vile ninavyoinuka na mtoto mgongoni. Mwaka ule sikuwa na mtoto, ningejuaje?

Kuna jingine. Mwoka mikate alikuja. Nikamwambia ufunguo umepotea. Mpwa wako alikuwa mapajani mwangu anautafuna.

Najua kwa nini unaiuza. Shangazi amenidokeza: daktari kasema utaendesha tena, ila mguu hautarudisha nguvu zote, nawe ukajibu kwamba asiyeweza kujiinulia pikipiki hana haki ya kuipanda. Hiyo ni sheria ya mashindano. Nyumbani hatushindani. Rudi unifundishe gia ya tatu, uliahidi. Ukianguka, nitakuinulia.

Msalimie sana shangazi. Baba wa mtoto anakusalimu, na mtoto mwenyewe kwa meno yote mawili.

Ni mimi mdogo wako,
Mwinua Sufuria